Mwanasheria Anayefanya Kazi kwa Wahasibu: Ni Nani, na Anamtumikia Nani?



Katika mikutano ya matawi, kwenye mashamba ya chai na ya miwa na katika viwanda vya mjini, kuna jambo ambalo limeulizwa mara nyingi. Wazazi wanauliza hivi: "Kijana wetu amesoma sheria Makerere miaka minne. Tumeuza ng'ombe, tumekopa kwenye chama cha akiba na mikopo mpaka akamaliza. Sasa ameajiriwa na kampuni ya wahasibu. Je, amepotea njia?" Wajumbe wa matawi nao wanauliza: "Meneja ameleta wageni wenye kompyuta. Wanasema wanatoka kampuni kubwa ya mahesabu, lakini mmoja wao ni mwanasheria. Anatafuta nini katika faili zetu?"

Maswali haya mawili ni ndugu. Mgeni yule aliyeketi na faili zetu ndiye kijana wa wazazi wale, au mwenzake. Yafaa tumjue. Mimi niliishia darasa la saba, na sheria niliyonayo nimeiokota kwenye meza za majadiliano na katika ofisi za maofisa wa kazi. Basi nitaeleza kwa maneno tunayoyatumia sote.

MILANGO MIWILI BAADA YA SHAHADA

Kwanza ieleweke kwamba shahada ya sheria peke yake haimfanyi mtu kuwa wakili. Hapa Uganda, aliyemaliza shahada anapaswa kuingia Law Development Centre, chuo kilichoanzishwa mwaka 1970, asome tena karibu mwaka mmoja na kufaulu mitihani. Baada ya hapo anaandikishwa kuwa wakili, ndipo anapoweza kusimama mbele ya jaji kumsemea mtu. Kozi hiyo ina ada yake, na mitihani yake ni migumu. Hata akifaulu, ofisi nyingi za mawakili ni ndogo, na kijana mgeni hupata kitu kidogo sana mpaka apate wateja wake mwenyewe.

Mlango wa pili ni wa makampuni makubwa ya uhasibu. Haya huchukua vijana waliotoka chuo kikuu, na hayachukui wahasibu peke yao. Huchukua waliosoma uchumi, uhandisi, takwimu na sheria. Kijana hupata mshahara wa mwezi tangu siku ya kwanza, na mara nyingi kampuni humlipia mitihani ya kazi: ya kodi, au ya uhasibu inayotolewa na Institute of Certified Public Accountants of Uganda, au ile ya ACCA ya Uingereza. Huenda mkataba ukasema kwamba akiondoka kabla ya miaka fulani atarudisha gharama. Wazazi, mwambieni kijana asome kifungu hicho kabla ya kutia sahihi. Mwanasheria naye hufungwa na mkataba kama kibarua wa miwa.

Kwa hiyo jibu kwa mzazi ni kwamba kijana hakupotea. Amechagua mlango wa pili, na wengine hupitia mlango huo miaka michache kisha wakarudi kwenye uwakili wakiwa wanajua mahesabu. Lakini yafaa ajue, na sisi tujue, mlango huo unaelekea wapi.

MAKAMPUNI YENYEWE

Makubwa ni manne duniani: Deloitte, PwC, EY na KPMG. Yote manne yana ofisi Kampala, Nairobi na Dar es Salaam. Ukijumlisha watu wao wa nchi zote, wanakaribia milioni moja na nusu. Kila moja si kampuni moja yenye tajiri mmoja. Ni kundi la ofisi za nchi mbalimbali zinazotumia jina moja, na katika kila nchi wenye ofisi huitwa washirika. Kijana huanza chini, akipanda ngazi baada ya ngazi. Wachache hufika ushirika, wengi huondoka njiani.

Uhasibu na sheria vilianza kuandamana zamani. William Deloitte alifungua ofisi yake London mwaka 1845, karibu na mahakama ya watu waliofilisika. Wakati ule kazi kubwa ya wahasibu ilikuwa hiyo: mfanyabiashara ameanguka, wadai wamejaa mlangoni, anatakiwa mtu wa kuhesabu kilichobaki na kusema nani apate nini. Halafu zikaja reli na makampuni ya hisa, na wenye hisa walioishi mbali wakataka mtu wa nje awahakikishie kwamba mameneja hawawadanganyi. Hapo ukakua ukaguzi wa mahesabu. Baadaye serikali zikaongeza kodi, na kodi ikawa kazi ya tatu.

Ukizitazama kazi hizo tatu, kufilisika, ukaguzi na kodi, utaona kwamba zote zina sheria ndani yake. Ndiyo sababu mhasibu humhitaji mtu aliyesoma sheria.

KAZI YA KODI

Wanasheria wengi wanaoingia humo huwekwa kwenye idara ya kodi. Watu hudhani kodi ni hesabu tu. Hesabu yake ni nyepesi, ugumu uko katika maneno ya sheria: kipi kihesabiwe kuwa mapato, gharama ipi ikubaliwe, malipo yapi yakatwe kodi kabla ya kwenda nje ya nchi. Neno moja katika sheria laweza kugeuza mamilioni. Kusoma neno hilo ndiko alikofundishwa mtu wa sheria.

Kazi hii inatugusa mahali pamoja hasa. Mara ngapi mmeketi kudai nyongeza, mwajiri akasema, "Shamba halina faida, tazameni mahesabu"? Tuchukue mfano wa kubuni. Kilo moja ya chai iliyokwisha tengenezwa imegharimu shilingi 4,000. Kampuni ya hapa inaiuzia kampuni dada iliyo ng'ambo kwa shilingi 4,200. Kampuni dada inaiuza kwa mnunuzi wa mwisho kwa 6,000. Faida yote ni 2,000, lakini katika vitabu vya hapa inaonekana 200 tu. Ile 1,800 imeandikwa katika vitabu vya nchi nyingine. Ninyi mnajadiliana juu ya 200.

Sheria haijalala. Uganda ilitoa kanuni mwaka 2011 kwamba kampuni na dada yake lazima ziuziane kwa bei ambayo wangeuziana watu wasiojuana. Kwa sababu ya kanuni hizo, makampuni makubwa huwalipa wahasibu watengeneze faili la kuthibitisha bei. Mwanasheria huandika mikataba ya kuuziana na kueleza kila dada anafanya kazi gani. Bei hizo zaweza kuwa za haki kabisa: labda kampuni dada kweli ina maghala, ina watu wa kutafuta soko, inabeba hasara bei ikianguka. Sisi hatuwezi kusema ni wizi kwa sababu tu mnunuzi ni dada. Lakini tunaweza kuuliza, na tuulize. Mbali na bei, tuulize habari za ada za uongozi, malipo ya kutumia jina, na riba ya mkopo uliotoka kwa kampuni mama. Hizo ndizo njia ambazo faida hupitia kabla ya kufika mezani petu.

KAZI YA KUKAGUA KIWANDA KINACHOUZWA

Kazi ya pili ndiyo inayowaleta wageni kwenye faili za wafanyakazi. Tajiri anapotaka kununua kiwanda au shamba, hanunui kwa kutazama paa na mashine tu. Huwatuma watu wachunguze kwanza. Mhasibu anatazama madeni na mauzo. Mwanasheria anasoma hati za ardhi, mikataba ya benki, leseni, kesi zilizoko mahakamani, mkataba wa hali bora uliofungwa na chama chetu, na malipo ya akiba ya wafanyakazi.

Hapo penye akiba tusimame kidogo. Kwa sheria ya NSSF, mwajiri hukata asilimia 5 ya mshahara wa mfanyakazi na kuongeza asilimia 10 yake mwenyewe, jumla 15. Kama mwajiri amekata asilimia 5 zenu lakini hakupeleka, hilo ni deni. Mwanasheria wa wahasibu akilikuta deni hilo, anaandika katika ripoti. Mnunuzi akiisoma ripoti, anasema, "Punguza bei," au "Lipa kwanza ndipo ninunue." Hapo deni lenu limepata nguvu bila ninyi kupiga kelele.

Lakini mwanasheria huyo husoma karatasi. Hakai na mchuma chai kumuuliza habari zake. Deni ambalo halikuandikwa mahali popote halitaingia katika ripoti, na mnunuzi atanunua kama kwamba halipo. Nimeona jambo hili kwa macho yangu katika kiwanda kimoja. Wafanyakazi walikuwa wakidai malipo ya saa za ziada za miaka miwili, na kila mtu alijua, mpaka nyapara. Madai yalikuwa ya mdomo. Kiwanda kilipobadili mikono, mwenye kiwanda mpya alifungua ripoti yake mbele yetu na kusema, "Nionyesheni ukurasa." Hatukuwa na ukurasa. Yule kijana wa sheria aliyeandika ripoti hakusema uongo. Aliandika alichokikuta katika faili.

Basi somo ni hili, na ndilo kubwa katika makala hii: dai lolote la wafanyakazi liandikwe, lipewe tarehe, lipelekwe kwa mwajiri, na nakala ipigwe mhuri wa kupokelewa na kutunzwa na katibu wa tawi.

KAZI YA KIWANDA KILICHOANGUKA

Kazi ya tatu ni ile ya tangu zamani, ya kufilisika. Kwa sheria ya Uganda ya mwaka 2011, mtu anayeteuliwa kusimamia mali ya kampuni iliyoanguka lazima awe mwanasheria, mhasibu au katibu wa makampuni aliyeandikishwa na chama cha kazi yake. Katika makampuni makubwa ya uhasibu watu wa aina hizi hukaa chumba kimoja. Mhasibu anahesabu, mwanasheria anapanga foleni ya wadai kama sheria inavyotaka.

Jirani zetu wa Kenya waliliona jambo hili katika kampuni ya saruji ya ARM. Mwezi Agosti 2018 kampuni hiyo iliwekwa chini ya wasimamizi, watu wawili wa PwC. Mali yake iligawanywa na kuuzwa, na kiwanda chake cha Tanga, upande wa Tanzania, kikachukuliwa na kampuni ya Huaxin ya China. Mfanyakazi wa mahali kama hapo asubuhi moja anaambiwa kwamba meneja hana tena sauti, na mwenye sauti ni mgeni kutoka kampuni ya mahesabu.

Mgeni huyo si mwajiri mpya, wala hakuja kuwafukuza kwa chuki. Ameletwa na sheria awatumikie wadai wote, na mfanyakazi anayedai mshahara ni mmoja wa wadai hao. Lakini foleni ina utaratibu wake. Tutazame sheria ya Kenya ya mwaka 2015 pale kampuni inapofilisiwa. Benki iliyoshika hati ya nyumba au mashine hujilipa kwanza kutoka katika mali hiyo aliyoshikiliwa nayo mdaiwa. Katika kinachobaki, gharama za kazi ya kufilisi zinatangulia, pamoja na malipo ya msimamizi mwenyewe. Halafu inakuja mishahara ya miezi minne kabla ya kuanguka, lakini kwa kila mfanyakazi kipaumbele hicho hakizidi shilingi 200,000 za Kenya. Anachodai zaidi ya hapo, mfanyakazi anarudi nyuma katika foleni pamoja na waliouza mafuta na karatasi.

Mnaona hatari iliyopo? Mfanyakazi anayekubali kungoja mshahara miezi minane "kwa sababu kampuni ina shida" anaipa kampuni mkopo usio na dhamana. Miezi minne ya kwanza imekwisha toka nje ya ulinzi. Kila nchi ina hesabu yake, lakini mpango wa foleni unafanana. Chama kisiache deni la mishahara lilale.

SAA ZAKE ZINAUZWA

Sasa tumtazame kijana mwenyewe, maana naye ni mfanyakazi.

Mchuma chai hupimwa kwa kilo kwenye mizani. Mkata miwa hupimwa kwa mistari. Mwanasheria katika kampuni ya uhasibu hupimwa kwa saa. Kila siku anajaza karatasi ya saa: asubuhi nimefanya kazi ya mteja fulani saa mbili na nusu, mchana ya mteja mwingine saa tatu. Kila saa ina bei ambayo mteja hutozwa, na bei hiyo ni kubwa kuliko anachopata kijana kwa saa hiyo mara kadhaa. Tofauti inalipa ofisi, makarani, bima na faida ya washirika. Saa isiyo na mteja haipendwi. Mwisho wa mwaka mkubwa wake hufungua kitabu na kuona saa ngapi ameuza, kama mnyapara anavyofungua daftari la kilo.

Kuna majira pia. Sisi tuna msimu wa mvua ambapo majani hayangoji. Wao wana msimu wa kufunga mahesabu, makampuni mengi yanapomaliza mwaka Desemba na ripoti kutakiwa miezi ya mwanzo wa mwaka unaofuata. Wakati huo hukaa ofisini mpaka usiku, na Jumamosi, na Jumapili. Kwa wengi saa hizo za ziada hazilipwi, maana mkataba unasema mshahara umekwisha jumlisha yote. Anavaa tai na ana kompyuta, lakini akifukuzwa kesho hana shamba wala kiwanda cha kumtunza. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi anachokitaka, na haikuandika kwamba mwenye tai ametolewa.

Nayasema haya ili tusimchukie bure. Tukimkuta kwenye meza upande wa pili, tukumbuke kwamba hakuandika yeye masharti. Amepewa kazi, na saa inahesabiwa.

MIPAKA YAKE

Wajumbe wengi wamekosea kwa kudhani kwamba, kwa kuwa amesoma sheria, wanaweza kumwomba shauri la kesi yao. Hapana. Kuna mipaka miwili.

Mpaka wa kwanza ni wa mahakama. Uwakili ni kazi iliyofungwa kwa sheria, na kampuni ya uhasibu yenyewe si ofisi ya mawakili. Mwanasheria aliyeajiriwa humo anashauri juu ya kodi na mikataba, hachukui kesi za watu kwa jina la wahasibu. Kwingine milango imeanza kufunguliwa. Uingereza iliyapa makampuni haya makubwa leseni za kufungua ofisi za sheria kuanzia mwaka 2014, na Februari 2025 mahakama kuu ya jimbo la Arizona, Marekani, ilikubali ofisi ya sheria ya KPMG.

Mpaka wa pili ni wa siri. Unachomwambia wakili wako ukitafuta shauri la sheria ni siri inayolindwa, na serikali haiwezi kumlazimisha aitoe. Je, shauri lile lile la sheria likitolewa na mhasibu, nalo ni siri? Kampuni ya bima ya Prudential ilipeleka swali hili mahakamani Uingereza, na Januari 2013 mahakama ya juu kabisa ikajibu, majaji watano kwa wawili, kwamba ulinzi huo ni wa mawakili, haufiki kwa wahasibu. Hukumu hiyo ni ya Uingereza, lakini inatufundisha kuuliza: huyu aliyekaa mbele yangu amekaa kama wakili wa nani? Ukimweleza mwanasheria wa kampuni ya mahesabu udhaifu wa madai yenu, hana wajibu wa kukutunzia siri. Wajibu wake ni kwa mteja aliyemtuma.

ILIVYOKUWA HOUSTON

Pengine mtu atasema haya ni mambo ya makaratasi tu. Nitoe mfano wa Marekani, unaojulikana dunia nzima, ambapo makaratasi yaliwamaliza wafanyakazi.

Katika mji wa Houston kulikuwa na kampuni ya nishati iitwayo Enron. Mkaguzi wake alikuwa Arthur Andersen wa Chicago, kampuni iliyoanzishwa 1913, wakati huo moja ya makubwa matano duniani. Mwaka 2000 Andersen ilipokea kwa Enron dola milioni 52. Milioni 25 zilikuwa za ukaguzi, na milioni 27 za kazi nyingine za ushauri. Yaani anayepaswa kumkemea mwenye nyumba alikuwa anakula zaidi mezani kwake.

Enron ilificha madeni yake katika makampuni madogo ya pembeni. Oktoba 2001 mambo yalianza kufichuka. Andersen ilikuwa na idara yake ya sheria. Tarehe 12 Oktoba mwanasheria mmoja wa idara hiyo alimwandikia mkubwa mmoja wa Houston kumkumbusha kanuni ya ofisi juu ya karatasi za kutunza na za kuharibu. Siku chache baadaye alishauri kwamba katika waraka mmoja jina lake liondolewe, na pia maneno yaliyoonyesha kwamba idara ya sheria ilishauriwa. Kuanzia tarehe 23 mwezi huo, ofisi ya Houston ilichana karatasi za Enron kwa wingi.

Tarehe 2 Desemba 2001 Enron ikatangaza kufilisika. Siku ya pili yake wafanyakazi kama 4,000 waliambiwa watoke. Zaidi ya nusu ya akiba yao ya uzeeni ilikuwa imewekwa katika hisa za Enron yenyewe, hisa ambazo mwaka 2000 ziliuzwa kwa dola 90 moja na sasa hazifiki dola. Mtu aliyefanya kazi miaka 20 aliondoka na sanduku la vitu vyake tu.

Andersen nayo ilishtakiwa, na Juni 2002 ikatiwa hatiani kwa kuzuia uchunguzi. Wazee wa baraza walisema baadaye kwamba kilichowashawishi zaidi ni ule ushauri wa kubadili waraka, kuliko karatasi zilizochanwa. Mwanasheria mwenyewe hakuhukumiwa kwa kosa lolote. Mei 2005 mahakama kuu kabisa ya Marekani ilifuta hukumu dhidi ya Andersen kwa sababu jaji aliwaelekeza vibaya wazee wa baraza. Lakini ilikuwa kama kumpa dawa aliyekwisha zikwa. Watu wake wapatao 85,000 wa nchi zote walikuwa wametawanyika, wakiwemo makarani na madereva ambao hawakuwahi kuiona karatasi ya Enron.

Kwa sababu hiyo, mwaka 2002 Marekani ilipitisha sheria inayomkataza mkaguzi wa kampuni kubwa ya hisa kumfanyia mteja huyo huyo kazi nyingi za pembeni, na kazi za sheria zimo katika orodha ya zilizokatazwa. Mkaguzi ameteuliwa kusema ukweli kwa wenye hisa. Mwanasheria yuko upande wa mteja wake. Mtu mmoja hawezi kushika shoka na kulizuia shoka hilo.

TUFANYE NINI

Ndugu wajumbe wa matawi, mgeni wa kampuni ya mahesabu akija, msikimbie na msinune. Mpokeeni kwa heshima, kisha katibu wa tawi amwulize meneja kwa maandishi:

1. Nani amemwita mgeni huyu: kampuni yetu, mnunuzi, benki, mahakama au serikali?

2. Amekuja kwa kazi gani: ukaguzi wa mwaka, kodi, uuzaji, au kufilisika?

3. Ripoti yake inakwenda kwa nani, na chama kitapewa sehemu inayohusu wafanyakazi?

4. Je, kuna mpango wa kupunguza watu? Sheria ya kazi ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri anayekusudia kuachisha watu wasiopungua 10 katika muda usiozidi miezi 3, kwa sababu za uchumi au mabadiliko ya kazi, awape wawakilishi wa chama habari mapema na amwandikie kamishna wa kazi.

Wakati mnangoja majibu, katibu akusanye orodha ya madai yote: mishahara iliyochelewa, saa za ziada, likizo, NSSF, kiinua mgongo cha waliostaafu. Kila dai liwe na jina, tarehe na kiasi. Nakala moja kwa mwajiri, moja kwa ofisi ya kazi, moja makao makuu ya chama. Mkiwa na kesi, tafuteni wakili wa chama, mtu ambaye mteja wake ni ninyi.

Na ninyi wazazi, kijana akirudi likizo kutoka ofisi ile ya Kampala, msimwulize siri za wateja wake. Akizitoa atapoteza kazi, na kwa haki. Mwulizeni jambo jingine: akufundishe kusoma mahesabu yaliyokwisha tangazwa hadharani, faida iko wapi, madeni yako wapi, ada za kampuni mama ziko ukurasa gani. Hilo si siri ya mtu, na ni elimu ambayo ng'ombe wenu walilipia. Tawi likipata vijana wawili wa namna hiyo kwa jioni moja, mwajiri akisema "hakuna faida" tutajua ukurasa wa kumfungulia.

Umoja ni nguvu.